Kidole Kilichokunjwa

Shinyanga nzima inamjua Ng'wanamalundi, Msukuma ambaye jina lake hasa lilikuwa Igulu Bugomola, manju na mganga wa enzi za Wajerumani. Husimuliwa kwamba alinyooshea miti kidole ikakauka, na kwamba Wajerumani walimtia ndani lakini kufuli hazikumweza. Wasimulizi wengi huanzia hapo na kuishia hapo: mti, pingu, watu wanashangilia, hadithi imekwisha. Mama mmoja wa Ngokolo, ambaye vijana wa mtaani humwita mayu, huanzia kwa binti. Ameigeuza hadithi ya mtu aliyesumbua serikali kuwa hadithi ya mapenzi, na uchawi wote ameuacha ndani. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika, na yeye anaiweza.

Binti huyo mayu amemtoa ngomani. Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, na asili yake ni mashindano ya waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno vikundi hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Kwa hiyo mtazamaji anayeondoka upande huu kwenda ule amebadili matokeo. Mayu anamweka binti upande wa wapinzani, kaka zake wakiwa wachezaji. Akivuka uwanja kumtazama Ng'wanamalundi, amewapunguzia kaka zake mtu mmoja mbele ya ukoo mzima. Hakuna haja ya kumtungia baba mkali wala mchumba tajiri mwenye roho mbaya. Kikwazo kimo ndani ya ngoma yenyewe.

Halafu kuna samba, dawa ambayo manju huitumia kuwavuta watu. Hapa ndipo nilipoanza kumsikiliza mayu kwa makini. Binti anataka kwenda, lakini hajui kama anayetaka ni yeye au ni dawa. Anarudi nyumbani. Siku ya pili anarudi nyumbani tena. Mayu haharakishi. Anakata viazi vya michembe huku akisimulia, na kisu kinakwenda taratibu vipande vikianguka kwenye ungo, wakati wavulana waliotoka machimboni Geita wanamhimiza afike kwa Wajerumani. Yeye hawajali. Binti anatuma ujumbe: cheza bila dawa, nione. Manju anacheza bila dawa, watazamaji wanahama mmoja mmoja, anashindwa hadharani kwa mara ya kwanza, na binti anavuka uwanja mtupu. Wale wavulana hunyamaza wenyewe.

Katika masimulizi haya yote kidole cha shahada cha mkono wa kulia wa mayu hakionekani. Akikata viazi amekikunja chini ya mpini wa kisu, akiweka kisu chini amekifumba ndani ya ngumi. Akitaka kuonyesha kitu, anakionyesha kwa midomo au kwa kidevu. Hasemi kwa nini. Msikilizaji wa mara ya kwanza hudhani mama huyu ana maumivu ya mkono, mpaka afike pale manju anapomwambia binti kwamba hawezi kumwonyesha nyota, hawezi kumwonyesha hata njia ya kwao, kwa sababu anachokielekezea kidole kinakauka. Uwezo ule ule unaosifiwa kwenye hadithi ya miti umekuwa mzigo wa mtu anayependa. Mayu hakuongeza ajabu mpya hata moja. Alichukua iliyopo akauliza inamgharimu nini mwenye nayo.

Waingereza wamefanya kazi ya namna hii kwa Robin Hood, jambazi wao wa msituni. Marian, mpenzi wake, hayumo katika tungo za kale kabisa. Aliingia baadaye kupitia michezo ya sikukuu za mwezi Mei, na leo hadithi bila yeye huonekana pungufu. Pwani yetu haikuhitaji kuongeza mtu. Katika utendi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa yumo gerezani Pate, na mjakazi Saada ndiye anayeleta chakula. Walinzi hula vizuri na kumwachia mkate wa pumba, na ndani ya mkate huo mama yake ametia tupa. Anakata minyororo wakati ngoma ya gungu inavuma nje. Mwandishi anayetaka mapenzi katika Liyongo atazame mikono ya Saada kwenye njia ile, siku baada ya siku, akipita mbele ya walinzi. Ninasoma simulizi nyingi za mapenzi na majini zinazoandikwa siku hizi, na mara nyingi mpenzi wa shujaa kazi yake ni kulia na kuokolewa. Saada anafanya kazi. Binti wa mayu pia anafanya kazi.

Kifungo chenyewe mayu hukipitia kwa sentensi chache. Anakaa na binti nje, anayehesabu ng'ombe wa mahari wanaoletwa na ndugu wa manju, mmoja mmoja kwa rangi yake, huku manju mwenyewe yuko mbali kwa Wajerumani. Kila ng'ombe anapewa rangi na ila yake, mmoja ana pembe iliyovunjika. Ng'ombe hao wanatuambia muda umepita kiasi gani bila msimulizi kutaja mwezi.

Siku hizi ameongeza mama wa binti, ambaye anakataa ng'ombe wa pembe iliyovunjika. Sehemu hiyo bado haijakaa sawa. Mama anaongea kupita kiasi kabla zizi halijajaa, na vijana wanaanza kuchezea simu. Mara ya mwisho mayu alikuwa amempunguzia maneno mama huyo, akamwacha azunguke tu kumkagua yule ng'ombe, mkono mgongoni.