Wanaoandika Nyumba za Kambo

Riwaya ya familia iliyochanganyika inadai hesabu kali. Mwandishi sharti akumbuke nani ni wa baba mmoja, nani kaja na mama yake, nani anamwita mama wa kambo "mama" na nani hukwepa kumwita kabisa. Akifanya mtu mmoja shetani, kazi imeharibika. Inabidi amwoneshe mama wa kambo akipakua wali, upawa ukisita juu ya sahani ya mtoto asiye wake. Nyota ya Rehema, kwa mfano, riwaya ya mwaka 1976, inafuata chuki ya nyumbani mpaka kwenye ugomvi wa shamba. Wengi tumelelewa katika nyumba hizo, tukaambiwa tunyamaze. Waandishi wa riwaya za namna hii wametupa pa kuanzia kusema.