"Jeni ya Saratani" na "Chotara": Uhakiki wa Istilahi Mbili za Jenetiki

Makala haya yanahakiki istilahi mbili zinazomjia upesi mfasiri wa maandishi kuhusu saratani za kurithi: "jeni ya saratani" na "chotara". Kipimo chetu ni samaki wa jenasi ya Xiphophorus, wenyeji wa mito ya Meksiko na Amerika ya Kati, ambao tangu miaka ya 1920 wametumika kuchunguza urithi wa melanoma.

Myron Gordon nchini Marekani na Curt Kosswig nchini Ujerumani walipandisha Xiphophorus maculatus mwenye madoa meusi na Xiphophorus hellerii asiye nayo. Kizazi cha kwanza kilizidi weusi. Kilipopandishwa tena na X. hellerii, takribani nusu ya watoto walikosa madoa hayo, robo walipata weusi mzito usio hatari sana, na robo walipata melanoma kali. Ufafanuzi uliokubalika ni kwamba Xmrk, jeni iliyotambuliwa mwaka 1989, huchochea seli kugawanyika, ilhali jeni nyingine katika kromosomu tofauti huidhibiti. Robo ya mwisho imerithi kichocheo bila kidhibiti.

Hapo ndipo "jeni ya saratani" inapopotosha. X. maculatus hubeba Xmrk kizazi baada ya kizazi, na kwa kawaida haugui. Kwa binadamu upotoshaji ni mkubwa zaidi. Katika familia nyingi zenye melanoma ya kurithi, hitilafu imo katika CDKN2A, jeni ambayo kazi yake ni kuzuia uvimbe. Kumwambia mtu "una jeni ya saratani" ni kumpa hukumu pale alipostahili maelezo: jeni hiyo tunayo sote, yeye amerithi nakala moja yenye kasoro, na hatari yake imeongezeka. Tunapendekeza "jeni chochezi", "jeni dhibiti" na "uelekeo wa kurithi".

"Chotara" nalo lina mzigo wake. Limezoeleka kwa mbegu za mahindi, lakini pia huitwa hivyo watu wenye wazazi wa asili tofauti. Sentensi "uchotara huleta saratani" ingevuka haraka kutoka kwa samaki hadi kwa watu, ilhali samaki hawa ni spishi mbili na binadamu ni spishi moja. Kosswig mwenyewe aliihama Ujerumani ya Wanazi mwaka 1937, akaenda Istanbul. Historia hiyo yatosha kutuonya. "Mahuluti" halijazoeleka kiasi hicho, lakini halimnyooshei mtu kidole. Wakulima wabaki na chotara lao. Vitabu vya afya vitumie mahuluti.