Nani Hufungua Faili Askari Akishtakiwa? Somo kwa Arua na Koboko

Mtu akipigwa na askari katika kituo cha polisi cha Koboko, njia ya kutafuta haki humrudisha palepale alipopigwa. Anatakiwa kupata namba ya SD, yaani namba ya tukio katika kitabu cha kituo. Anatakiwa pia kupewa fomu namba 3 ya polisi, PF3, ili daktari aandike majeraha aliyoyaona. Kitabu na fomu vyote viko mikononi mwa wenzake na mtuhumiwa. Ndiyo kesi ya nyani kupelekewa ngedere.

Wengi tukizungumzia chombo huru cha kuwasimamia polisi, tunauliza kama sheria imekiita huru. Swali hilo halitoshi. Uhuru wa chombo cha namna hii hukaa kwenye mambo mawili ya kiofisi: nani ameajiriwa kupeleleza, na nani anaamua faili lipi liende kwa nani.

Uganda haina chombo cha kiraia kilichoundwa kwa ajili ya polisi peke yao. Mlalamikaji ana milango miwili mikuu. Wa kwanza ni kitengo cha nidhamu cha polisi wenyewe, PSU, kilichoanzishwa mwaka 2007. Kinaweza kusaidia, na wapo waliosaidiwa. Lakini wapelelezi wake ni polisi, bosi wao wa mwisho ni Inspekta Jenerali, na amri ya uhamisho inaweza kumpeleka mpelelezi kufanya kazi chini ya mtu aliyemhoji jana.

Mlango wa pili ni Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, iliyoundwa na Katiba ya 1995, ambayo ina ofisi ya kanda mjini Arua. Hapa mpango wa watumishi ni tofauti. Mwenyekiti lazima awe jaji wa Mahakama Kuu au mtu mwenye sifa za kuwa jaji. Rais huwateua makamishna kwa idhini ya Bunge, nao hukaa miaka sita na wanaweza kuteuliwa tena. Watumishi wa chini huajiriwa na tume yenyewe kwa kushauriana na Tume ya Utumishi wa Umma, kwa hiyo afisa anayekusikiliza Arua hana mkuu wa polisi wa kumwogopa.

Lalamiko likipokelewa, kwanza hupimwa kama liko ndani ya mamlaka ya tume na kama haijapita miaka mitano tangu tukio. Likipita hapo, maafisa huchunguza: huhoji mashahidi, hutafuta ripoti ya daktari, huuandikia upande wa serikali ujibu. Yanayoweza kupatanishwa hupatanishwa. Mengine huenda kwenye baraza la tume, ambako kamishna husikiliza kama hakimu na anaweza kuamuru mtu aachiwe au alipwe fidia. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu.

Udhaifu uko juu, kwa makamishna. Ni wachache, na kiti kikibaki wazi kazi ya kuamua huyumba. Med Kaggwa alifariki Novemba 2019 akiwa mwenyekiti, na Mariam Wangadya akashika nafasi hiyo mwaka 2021. Ofisi za kanda ziliendelea kupokea watu, ila kupokea lalamiko na kulitolea hukumu ni kazi mbili tofauti.

Kenya walifuata njia nyingine. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 na ripoti ya Tume ya Waki, walitunga sheria ya mwaka 2011 iliyounda IPOA, mamlaka ya kiraia ya kusimamia polisi. Wajumbe wa bodi hukaa miaka sita, muhula mmoja tu, kwa hiyo hakuna mjumbe anayesimamia upelelezi huku akitafuta kuteuliwa tena. Kubwa zaidi ni Kifungu cha 25: mtu akifa au akijeruhiwa vibaya kwa kitendo cha polisi, au akiwa mahabusu, polisi wana wajibu wa kuiarifu IPOA. Familia hailazimiki kubisha hodi ndipo faili lizaliwe. Malalamiko mengine huchambuliwa: mazito hubaki kwa wapelelezi wa IPOA, ya nidhamu ndogo hupelekwa kwa kitengo cha ndani cha polisi. Uchunguzi ukionyesha kosa la jinai, faili huenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Kenya pia imeonyesha hatari yake. Josephat Mwenda alikuwa amemlalamikia askari kwa IPOA. Juni 2016 aliuawa pamoja na wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri. Februari 2023 mahakama ilimhukumu kifo afisa wa polisi Fredrick Leliman kwa mauaji hayo. Ndiyo maana kupanga faili ni lazima kuende pamoja na kumlinda aliyelileta.

Kuhusu ajira, Chicago, Marekani, wana sheria inayofaa kuigwa: mpelelezi wa COPA, chombo chao cha kuchunguza polisi, hapaswi kuwa ametoka polisi ya mji huo ndani ya miaka mitano iliyopita. Uzoefu wa upelelezi unahitajika, lakini usiwe uzoefu wa kituo kinachochunguzwa.

Arua inaongeza swali lake. Agosti 13, 2018, katika kampeni za uchaguzi mdogo wa ubunge wa Manispaa ya Arua, Yasin Kawuma, dereva wa mbunge Robert Kyagulanyi, aliuawa kwa risasi. Siku hiyo mjini hapakuwa na polisi peke yao. Walikuwepo pia wanajeshi wa kikosi kinachomlinda Rais. Chombo chenye mamlaka juu ya polisi tu kingeanza kwa kubishana risasi imetoka bunduki ya nani. West Nile, eneo letu la Arua na Koboko, lenye mipaka na Kongo na Sudan Kusini na lenye kambi za jeshi, linahitaji sheria inayofuata kitendo kabla ya kuuliza rangi ya sare.

Kwa hiyo wabunge wa Arua na Koboko wadai mambo manne. Taarifa ya kifo au jeraha kubwa iifikie tume kwa lazima. Daktari aruhusiwe kuandika majeraha bila fomu ya polisi. Kila mpelelezi atangaze kwa maandishi uhusiano wake na mtuhumiwa kabla ya kukabidhiwa faili. Na ofisi ya Arua iwe na watu wanaoandika maelezo ya mlalamikaji kwa Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Kiswahili. Nawe msomaji, ukiumizwa na mwenye sare, usiache miaka mitano ipite: nenda ofisi ya tume Arua, na uondoke na namba ya faili lako mkononi.