Mhadhara Usiofika Hadharani: Istilahi za Afya katika Ratiba za Vyuo Vikuu

Kila muhula unapoanza, skuli za afya za vyuo vikuu vyetu hutoa ratiba ya mihadhara, semina na makongamano yatakayofanyika. Sehemu kubwa ya ratiba hizo hufuata siku zinazoadhimishwa duniani kote: tarehe 24 Machi kwa kifua kikuu, 7 Aprili kwa afya kwa jumla, 25 Aprili kwa malaria, juma la 18 hadi 24 Novemba kwa dawa ambazo vimelea vimezishinda nguvu, na 1 Desemba kwa UKIMWI. Ratiba hubandikwa kwenye mbao za matangazo, hupelekwa wizarani na katika halmashauri, na pengine husomwa redioni. Chini yake huandikwa kwamba wananchi wote wanakaribishwa.

Wengi miongoni mwa wasomaji wetu ndio wanaokabidhiwa kazi ya kuzifasiri ratiba hizo, au kuzisoma mbele ya watu, au kuwaeleza wanafunzi maana yake. Kwa hiyo twaona yafaa kuzitazama kwa jicho la uhakiki. Hatukusudii kumlaumu mfasiri, ambaye aghalabu hupewa karatasi jioni na kutakiwa airudishe asubuhi. Tunalotaka ni kuuliza swali moja: je, mwananchi aliyekaribishwa aelewa ameitiwa nini, na baada ya kusikia atatenda lipi? Katika taaluma nyingine istilahi mbovu humchelewesha msomaji. Katika afya yaweza kumfanya anywe dawa asiyostahili kunywa, au akubali jambo asilolielewa.

Mhadhara na ndugu zake

Neno mhadhara tumelipata kutoka Kiarabu, na shina lake ndilo lililotupatia pia hadhara, hudhuria na mahudhurio. Mhadhiri, kwa asili ya neno, ni mtu asemaye mbele ya waliohudhuria. Wala neno hili si geni nje ya kuta za chuo. Kwa miaka mingi wananchi wamesikiliza mihadhara ya dini viwanjani, ambako msemaji huulizwa maswali akajibu papo hapo. Basi mwananchi asomapo kwamba kutakuwa na "mhadhara wa umma" hutazamia mambo mawili: kusikia lugha aijuayo, na kupewa nafasi ya kuuliza. Akifika akakuta karatasi inasomwa kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho, hapana budi tukiri kwamba tangazo halikumwambia kweli. Hatusemi kuwa mihadhara ya Kiingereza isiwepo, maana mafunzo ya udaktari nchini hutolewa kwa lugha hiyo. Twasema tu kwamba tangazo litaje lugha itakayotumika, kama litajavyo saa na ukumbi.

Kasoro ya pili ni kuyachanganya majina ya mikutano. Shughuli ile ile huitwa semina katika kichwa cha habari, warsha katika aya ya kwanza, na kongamano katika aya ya mwisho, kana kwamba maneno haya ni visawe vinavyotumiwa kupamba mwandiko. Sivyo. Katika mhadhara mmoja husema na wengine husikiliza, kisha huuliza. Semina ni ya watu wachache waliokwisha kuisoma mada na wanaokuja kuijadili. Warsha ni ya kazi: watu hutoka humo wamejifunza kutenda kitu, kama vile kupima maji ya kisima au kujaza daftari la chanjo. Kongamano, ambalo jina lake latokana na kitenzi chetu kukongamana, ni mkusanyiko mkubwa wenye mada nyingi. Mdahalo una pande mbili zinazopingana. Bwana afya wa wilaya aliyeombewa posho ya warsha, kisha akaketishwa siku tatu kusikiliza mihadhara, ajua vema kwamba tofauti hizi si za kamusi tu.

Afya ya umma au afya ya jamii

Jina la skuli yenyewe lina utata. Wako wanaosema afya ya umma, na wako wanaosema afya ya jamii, na mara nyingi maneno yote mawili hukutwa katika ukurasa mmoja. Sheria ya mwaka 2009 inayohusu mambo haya nchini Tanzania hutajwa na wengi kuwa Sheria ya Afya ya Jamii. Upande wa pili, Kenya ilikuwa na Wizara ya Afya ya Umma kuanzia mwaka 2008 hadi 2013, nayo ilishughulikia mambo ya namna hiyo hiyo.

Kwa maoni yetu maneno yote mawili yabaki, ila kila moja lipewe kazi yake. Umma ni watu wote wa nchi, na mwenye dhamana juu yao ni dola: maji ya bomba, ukaguzi wa nyama machinjioni, karantini bandarini, takwimu za vifo. Jamii ni watu wanaojuana na kuishi pamoja, kama vile kijiji, mtaa au kisiwa. Mhudumu apitaye nyumba kwa nyumba akiwauliza kina mama kama watoto wamepata chanjo anafanya kazi ya afya ya jamii. Anayeketi Dodoma akilinganisha hesabu za mikoa yote anafanya kazi ya afya ya umma. Ratiba ikiyatenga hayo mawili, msikilizaji atajua kama mhadhara unahusu kanuni za serikali au kazi za kijijini kwake.

Usugu ni wa nani?

Sasa twafika kwenye istilahi inayotutia wasiwasi kuliko zote. Kila ifikapo Novemba, ratiba hutangaza mihadhara juu ya "usugu wa dawa". Maneno ni matatu, ni mepesi, na yamekwisha kuzoeleka. Kwa bahati mbaya yanapotosha.

Sugu, kwa asili, ni ngozi ngumu inayoota katika kiganja cha mkulima kwa kushika mpini wa jembe. Kutoka hapo twapata kidonda sugu na mdeni sugu, yaani kisichopona na asiyelipa. Lakini katika usemi "usugu wa dawa", aliye sugu ni nani? Kwa kanuni za lugha yetu, kiungo "wa" humpa dawa usugu huo. Msikilizaji mmoja ataelewa kwamba dawa imekuwa ngumu, pengine kali zaidi. Mwingine, na hawa ndio wengi, ataelewa kwamba mwili wake umeizoea dawa, kama kiganja kilivyozoea jembe.

Ukweli ni mwingine kabisa. Wanaokuwa sugu ni vimelea. Dawa inapotumiwa ovyo, vimelea dhaifu hufa na vile vyenye uwezo wa kuikinza hubaki vikazaana. Kisha huhama kutoka mtu hadi mtu. Tazameni tofauti ya matendo. Mama aliyeelewa kwamba ni mwili unaozoea dawa atasema: "Mwanangu hajawahi kunywa dawa hizi, kwa hiyo hatari hii haimhusu." Kumbe mtoto huyo aweza kuambukizwa vimelea vilivyokwisha kuwa sugu katika mwili wa mtu mwingine. Na mzee aliyeelewa hivyo atabadilisha dawa kila mara ili mwili usizoee, yaani atafanya jambo lile lile ambalo mhadhara ulikusudiwa kulikomesha.

Jambo hili si la kubuni. Nchini Tanzania klorokwini iliachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa vimeishinda. Dawa iliyoshika nafasi yake nayo iliachwa mwaka 2006. Miili ya Watanzania haikubadilika katika miaka hiyo. Vilivyobadilika ni vimelea. Kwa hiyo twashauri isemwe na kuandikwa "usugu wa vimelea dhidi ya dawa". Twajua kwamba ni maneno marefu, na kwamba baadhi ya nyaraka za serikali zimekwisha kuyatumia. Wenye haraka waandike "vimelea sugu". Maneno hayo ni mawili tu, na yanamtaja mkosaji wa kweli.

Uchunguzi, utafiti na majaribio

Ratiba nyingi huongeza kwamba baada ya mhadhara kutakuwa na "uchunguzi bila malipo". Neno uchunguzi limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Polisi hufanya uchunguzi, mwanasayansi hufanya uchunguzi, na daktari hufanya uchunguzi. Mwanamke aliyeitwa kwa "uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi" ana haki ya kujua kama atapimwa yeye ili atibiwe mapema, au kama chuo kinakusanya habari za wanawake wengi ili kuandika tasnifu. Yote mawili ni mema, lakini si jambo moja. La kwanza liitwe upimaji, na atakayepimwa aelezwe kinachopimwa. La pili liitwe utafiti, na jina hilo lisifichwe.

Majaribio nalo ni neno la kuangaliwa. Linakaa jirani na majaribu, na msikilizaji hukumbuka kwamba kinachojaribiwa chaweza kushindwa. Wafasiri wengine, kwa kuogopa kuwatisha watu, hulikwepa na kuandika "mradi wa chanjo" au "huduma mpya ya chanjo". Hapo hatukubaliani nao. Kati ya mwaka 2009 na 2014 watoto wa Bagamoyo na Korogwe walikuwa miongoni mwa watoto wa nchi saba za Afrika walioshiriki majaribio ya chanjo ya malaria, ile ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kutumika mwezi Oktoba 2021. Mzazi katika shughuli kama hiyo hutakiwa kutoa ridhaa yake. Ridhaa ni neno zito. Mtu hawezi kuridhia jambo lililofichwa nyuma ya jina zuri. Kama jaribio ni jaribio, liitwe hivyo, kisha lielezwe kwa utulivu: nani amekwisha kupewa chanjo hiyo, madhara gani yalionekana, na kwamba mtu aweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Hofu ya wananchi hutulizwa kwa maelezo; neno la kuficha huiahirisha tu.

Mifano ya kufuata

Isidhaniwe kwamba lugha yetu imeshindwa katika uwanja huu. Dawa iliyokuja baada ya mwaka 2006 ilichanganya dawa mbili katika kidonge kimoja, na ikaitwa dawa mseto. Jina hilo limetoka jikoni, katika chakula cha mchele na choroko vinavyopikwa pamoja. Hakuna mpishi anayehitaji kufafanuliwa kwamba mseto hauliwi kwa kuchambua kimoja na kuacha kingine.

UKIMWI nalo ni jina lenye elimu ndani yake. Wapo walioufafanua kuwa ukosefu wa kinga mwilini, na wapo waliosema upungufu. Silabi zinazounda jina zinaruhusu yote mawili, lakini upungufu ndio ulio sahihi zaidi, maana kinga hupungua hatua kwa hatua, na kilichopungua chaweza kuongezwa kwa matibabu. Katika neno moja mgonjwa hupata ukweli, na tumaini pia.

Hata lugha zetu nyingine zimeufundisha ulimwengu. Ugonjwa uliozuka mwaka 1952 katika nyanda za Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, ulipoandikwa na madaktari mwaka 1955 ulipewa jina la Kimakonde, chikungunya, kwa jinsi unavyomkunja mgonjwa kwa maumivu ya viungo. Leo jina hilo latumika katika vyuo vyote vya tiba duniani. Wenyeji walitazama, wakataja walichokiona.

Na kama ni mhadhara wa afya uliofika hadharani, tunao mfano mkubwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusoma pamoja, iliwafikia Watanzania wapatao milioni mbili. Walizungumza juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Jina la kampeni lilikuwa na maneno matatu ambayo hakuna aliyehitaji kufasiriwa.

Mapendekezo

Kwa mintarafu hii twapendekeza mambo manne. Kwanza, kila tangazo la mhadhara wa umma litaje lugha itakayotumika na kama kutakuwa na maswali. Pili, majina ya mikutano yatumike kwa maana zake, na shughuli moja iwe na jina moja. Tatu, "usugu wa dawa" uachwe, na "usugu wa vimelea dhidi ya dawa" ushike nafasi yake katika ratiba, vitabu vya shule na vipindi vya redio. Nne, upimaji, utafiti na majaribio yasifichwe chini ya neno uchunguzi.

Twaongeza ombi moja kwa mfasiri. Kabla ya kuirudisha karatasi asubuhi, aisome kwa sauti mbele ya mtu mmoja asiye wa fani: mlinzi wa lango, mama muuza chakula, au mwanafunzi wa darasa la saba. Kisha amwulize atafanya nini baada ya kusikia. Jibu likitofautiana na makusudi ya mhadhiri, kazi ya kufasiri bado haijakwisha.