Divai ya Viputo: Istilahi na Ulimi

Mtafsiri anayekabidhiwa maelezo ya kuonja divai ya Uingereza yenye viputo hukabiliwa na mitego mitatu. Tumeona vema tuichunguze.

Mtego wa kwanza ni jina. Wako waiitao shampeni. Shampeni ni divai ya jimbo la Champagne, Ufaransa, na sheria za Umoja wa Ulaya na za Uingereza hulilinda jina hilo. Divai ya Sussex au Kent, hata ikitengenezwa kwa zabibu za aina zilezile na kuchachushwa mara ya pili chupani, haiwi shampeni. Waingereza wana historia yao: mwaka 1662 Christopher Merret aliieleza Royal Society ya London jinsi mafundi wa divai nchini humo walivyotia sukari ili kinywaji kichangamke. Wengine husema "divai inayometa". Hapo limefasiriwa neno, dhana imeachwa. "Divai ya povu" nayo haitoshi, maana povu hukaa juu likatoweka, ilhali viputo huendelea kupanda kutoka chini ya bilauri. Tunapendekeza "divai ya viputo".

Mtego wa pili ni "divai kavu". Dhana inayokusudiwa ni uchache wa sukari: divai iitwayo brut haizidi gramu 12 za sukari kwa lita. Tukisema "isiyo tamu", msomaji atadhani ni mbaya, kwani utamu kwetu ni sukari na ni ladha nzuri pia. Afadhali "divai ya sukari haba".

Mtego wa tatu ndio mzito. Kusini mwa Uingereza hali ya hewa ni ya baridi, na zabibu hubaki na asidi nyingi. Baadhi ya watafsiri huiita ladha hiyo ukakasi. Ukakasi ni ule wa ndizi mbichi, unaokwaruza ulimi. Huu ni uchachu, kama wa ndimu. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini divai hii hunywewa pamoja na samaki na chipsi, au chaza wa Whitstable: uchachu hukata mafuta na chumvi, kama tukamuliavyo ndimu samaki wa kukaanga. Kwa keki tamu, divai hiyohiyo huonekana kali mno. Aliyeandikiwa "ukakasi" hataelewa sababu hata moja.

Istilahi ya ladha ipimwe kwanza kwa ulimi, ndipo iingie katika kamusi. Tunakaribisha maoni ya wasomaji.