Hongera Wapiga Picha wa Mtaani

Temeke na Kinondoni, jijini Dar es Salaam, albamu nyingi zilianzia studio ya mtaani: pazia lenye mandhari, kiti kimoja, na fundi anayeamuru, "Inua kidevu!" Leo fundi huyohuyo huskani picha za bibi zilizoliwa na mchwa au kulowa kwenye mafuriko ya Desemba 2011, kisha huzisafisha. Anastahili heshima. Tazama Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930: picha zake sasa ni kumbukumbu ya mji mzima. Lakini unyevu wa pwani hauna huruma kwa picha, na albamu za gundi (tulizozipenda mno!) ndizo mbaya zaidi. Bandua picha taratibu, andika majina nyuma kwa penseli laini, kisha zipeleke kwa fundi wakati wazee wangali hai.