Hasara Aibebe Nani? Mgomo na Dhiki ya Uchumi katika Fasihi ya Kiswahili

Mgogoro kati ya wafanyakazi na waajiri si jambo geni katika fasihi andishi ya Kiswahili. Shafi Adam Shafi aliuchora katika Kuli (1979), riwaya inayohusu wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wa 1948. Alamin Mazrui aliupeleka katika shamba la mlowezi katika tamthilia ya Kilio cha Haki (1981), akamweka mwanamke, Lanina, mbele ya wenziwe. Timothy Arege naye aliuingiza katika baraza la mji katika Mstahiki Meya (2009). Wahakiki wamezisifu kazi hizi kwa kuonyesha mwamko wa tabaka la wavujajasho, na sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo, liko swali ambalo zote tatu zimelikwepa: ikiwa hasara ya mwajiri ni ya kweli, aibebe nani?

Katika kazi hizi mwajiri anayo mali, na msomaji anaiona. Shehena hupita mikononi mwa makuli. Mavuno ya shamba ni jasho la vibarua. Na huko Cheneo, Meya anaishi kwa anasa na kuandaa mapokezi ya wageni huku wafanyakazi wa baraza wakidai mishahara na zahanati ikikosa dawa. Kwa hiyo mwajiri akisema hakuna fedha, uongo wake hudhihirika mara moja. Msomaji haombwi kupima hoja. Anaombwa kukasirika tu. Fani nayo hufuata njia hiyo: udhalimu, mwamko, mgomo. Mgomo huo una makali kwa sababu mwajiri anazihitaji nguvu za wafanyakazi. Siku asipozihitaji, silaha hiyo huwa butu, na muundo mzima wa hadithi hutikisika.

Historia ya Nairobi inatoa mfano mgumu zaidi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, bei za mazao ya walowezi zilianguka. Hasara yao haikuwa ya kubuni. Lakini mwaka 1921 waliafikiana kuwatwika wengine hasara hiyo: mishahara ya Waafrika ipunguzwe kwa theluthi moja, wakati ambapo kodi ilikuwa imepanda na wanaume walikuwa wameanza kuvishwa kipande shingoni. Mwezi Juni mwaka huo malalamiko yalitolewa mbele ya wakuu wa serikali katika mkutano wa Dagoretti, magharibi ya mji. Harry Thuku, karani wa simu katika hazina ya serikali, akaongoza East African Association, ambayo haikuwa chama cha wafanyakazi kwa maana ya kisheria ya leo, lakini ilibeba madai yao. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Wafanyakazi wa mji waligoma, wakakusanyika mbele ya kituo cha polisi, karibu na hoteli ya Norfolk, kudai aachiliwe. Tarehe 16 risasi zikafyatuliwa. Serikali ilihesabu maiti 21, akiwamo Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewakemea wanaume kwa kusita kwao.

Watu hao hawakudai nyongeza, walikataa kunyang'anywa. Huo ndio mgogoro wa wakati wa dhiki: mwajiri husema kweli kuhusu upungufu, kisha huitumia kweli hiyo kutenda dhuluma.

Barabara inayopita mbele ya hoteli hiyo sasa inaitwa Harry Thuku. Mwezi Mei 2020, janga la korona lilipokuwa limezuia utalii, hoteli hiyo hiyo iliwatangazia wafanyakazi wake wote kwamba ajira yao inasitishwa. Wageni kweli hawakuwapo. Mfanyakazi aliyezoea kushuka mjini alfajiri kutoka Kangemi au Kawangware angemgomea nani, ikiwa mlango wenyewe umefungwa? Katika hali kama hiyo mgogoro huhamia kwenye karatasi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, humtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi akiarifu chama chao na afisa wa kazi angalau mwezi mmoja kabla, na kuwalipa fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Kiongozi wa chama, aliyekuwa msemaji wa uwanjani, huwa msomaji wa vifungu.

Lugha yenyewe inastahili kuhojiwa. Kitenzi 'punguza' hukubali yambwa zote mbili, mishahara na watu. Kikitiwa katika kauli ya kutendwa, 'wafanyakazi wamepunguzwa', mtenda hutoweka, na binadamu huhesabiwa kama chumvi katika mchuzi.

Haina maana kwamba Shafi, Mazrui na Arege wamekosea. Waajiri waongo wapo, na yafaa wafichuliwe. Lakini fasihi inayomjua mwajiri mwongo peke yake humwachia huru yule anayefungua vitabu vyake vya hesabu na kuonyesha hasara. Mwandishi atakayemweka huyo jukwaani, barua mkononi, mbele ya waliomtumikia miaka 20, atalazimika kumrudisha mtenda katika sentensi. Hapo ndipo swali la nani aibebe hasara litakapopata msomaji wa kulijibu.